Zulia Lililosema Hamia Huku

Chumba cha Seva, Kiwandani
Jumatatu, 4 Machi

Mke wangu mpenzi,

Kwa heshima na taadhima, na baada ya kushauriana kwa kina na mimi mwenyewe, natangaza rasmi kwamba leo asubuhi kiti cha chumba cha seva kimerudishiwa mkono wake wa kushoto. Hafla ilihudhuriwa na mimi, bisibisi, na fundi mmoja wa mitambo aliyekuja kuazima bisibisi. Hotuba zilikuwa fupi. Wewe uliyekikalia siku ile ya kwanza uliyonitembelea, ukaegemea upande usio na kitu, ukajikuta sakafuni na gauni lako jipya, utaielewa furaha yangu kuliko mtu yeyote.

Sasa mambo madogo. Waraka wa Mkurugenzi umefika huku, na huko bila shaka umefika. Kwa ufupi: kampuni moja ya mazulia haiwezi kuendeshwa na mifumo miwili ya kompyuta. Ninyi mnaochora mnatumia Mkongwe, mfumo wa kununua, wenye cheti na stika inayong'aa. Sisi tunaofuma tunatumia Mgeni, mfumo wa bure niliouweka kwa mikono yangu nilipochoka kungoja cheti. Kila fundi ailinganishe yote miwili, kwenye seva na kwenye kompyuta za mezani, atoe ripoti mwisho wa mwezi. Mfumo utakaoshinda utawekwa kote. Fundi wa mfumo ulioshindwa atahamishiwa kwa mshindi, awe msaidizi wake.

Hapo pa mwisho parudie, bibie. Tangu harusi tunaishi nusu siku ya basi mbali mbali, wewe huko na kitanda cha kukunja, mimi huku na kitanda cha harusi kinachonizidi pande zote. Mama yangu amesema, shangazi yako amelia, na hatukusogea hata hatua. Sasa tutakaa nyumba moja kwa amri ya ofisi. Swali lililobaki ni dogo tu: nani atabeba masanduku.

Nadhani jibu unalo. Mgeni tangu nimwashe hajazimika hata mara moja. Hadai chochote, haugui, haonyeshi matangazo kwenye skrini. Kila ninachokijua nilijifunza kwake kwa kumharibu na kumtengeneza tena. Wodrobu nimekuachia upande wa dirishani.

Naandika kwa sababu simu tumekubaliana iwe ya salamu tu. Mara ya mwisho tuliyozungumzia seva ulinikatia nikiwa katikati ya sentensi, na sentensi yenyewe ilikuwa nzuri. Barua naificha ndani ya roli la sampuli. Breki, dereva wetu, atakuletea. Anakuja huko Jumatatu na Alhamisi, kwa mwendo uleule uliompa jina.

Mumeo,
Msimamizi wa Seva na Kiti chenye Mikono Miwili


Chumba cha Wachoraji, Ofisi Kuu
Alhamisi, 7 Machi

Bwana wee,

Hongera ya kiti.

Waraka nimeusoma, na nimesoma pia pale ulipoandika "swali ni dogo tu". Wodrobu nakurudishia. Mimi si wa kuwa msaidizi wako. Aliyekufundisha kutumia kibodi kwa vidole vyote kumi ni mimi. Kabla ya hapo ulikuwa ukiandika kama mtu anayeua sisimizi.

Nimemtendea haki mgeni wako. Nimemweka kwenye kompyuta ya akiba, nikampa mchoro wa maua. Nyekundu ikatoka rangi ya matofali. Nikaenda kuuliza kwenye lile jukwaa la mashabiki wake mtandaoni. Wa kwanza akanijibu nikasome mwongozo. Wa pili akamwambia wa kwanza hana adabu. Wakachambana hadi nikaona aibu kuendelea kusoma, na swali langu hadi leo limekaa pale juu kama mgeni asiyekaribishwa kiti. Kwa Mkongwe nikipiga simu anapokea mtu. Hajui kitu, lakini anapokea.

Mchoraji wetu mkuu, Babu Penseli, akikuta kitufe kimehamia upande wa pili anavua miwani na kwenda kukaa nje. Niwafanyie watu kama hao mageuzi ili wewe usibebe sanduku?

Nakubali Mkongwe ana kasoro. Anapojisasisha hujizima bila kuangalia nani yuko katikati ya nini. Lakini hata wewe hulala nikiwa naongea, na sijakubadilisha.

Tusibishane kwa maneno. Nakutumia folda ya majaribio, mchoro mmoja wa maua. Fuma kipande kimoja kupitia Mgeni. Kingine kifume kupitia ile seva yenye Mkongwe niliyokuletea mwaka jana, ambayo naambiwa umeiwekea birika juu. Vipande vyote viende kwa Mkurugenzi, aone mwenyewe.

Mkeo,
ambaye hajafunga sanduku lolote


Chumba cha Seva
Alhamisi, 14 Machi

Kwa Fundi wa Kompyuta, Ofisi Kuu,

Folda yako ilifika. Birika nililiondoa. Kupitia Mkongwe mtambo ulifuma maua, ukasimama. Kupitia Mgeni ulifuma maua, halafu haukusimama.

Nilidhani ni uzi. Nikainama kuangalia uzi. Nikamsikia mama wa zamu anasoma kwa sauti, polepole, kadiri kipande kilivyokuwa kinatoka, herufi moja baada ya nyingine, nyekundu juu ya nyeupe, kila moja kubwa kama kiganja: MKAIDI WEWE, HAMIA HUKU. KITANDA CHA KUKUNJA KINATOSHA WAPENDANAO.

Banda zima lilisimama. Watu walizima mitambo ili wasikie vizuri. Mmoja akauliza, "Fundi, kwani huko kwenu kitanda kinakunjwa na nyinyi mkiwemo?" Tangu siku hiyo sina jina lingine. Mlinzi wa getini ananipokea, "Karibu, Hamia Huku." Mpishi ananipakulia, "Hamia Huku, nyama au samaki?" Hata Breki, ambaye hana utani na mtu, amepiga honi mara mbili aliponiona.

Na wafungashaji, kwa kuwa waraka ulisema vipande vyote vya majaribio vipelekwe kwa Mkurugenzi, wamekifungasha na hicho. Kimekwenda.

Ulifanya kusudi. Ulitaka aone kwamba mfumo wangu hauna adabu na mwenyewe hana mamlaka nyumbani kwake. Umefaulu yote mawili kwa roli moja.

Msimamizi wa Seva


Chumba cha Wachoraji
Jumatatu, 18 Machi

Mume wangu,

Sikufanya kusudi. Soma mpaka mwisho kabla ya kuikunja, nakujua.

Ule mchoro wa maneno niliuficha. Nililiwekea faili alama ya kufichwa. Kwetu faili lenye alama hiyo halionekani wala mtambo hauligusi. Ndiyo maana kupitia Mkongwe yalitoka maua peke yake. Nilitaka ulikute wewe mwenyewe, kwa sababu hakuna folda inayopita mikononi mwako usiichokonoe. Nilikuwa najiona mjanja. Nilikaa hapa siku nzima nikicheka peke yangu, nikiwaza utakavyolifungua.

Aliyemwamuru Mgeni afume kila anachokikuta kwenye folda bila kuuliza ni wewe. Aliyesimama akitazama uzi wakati mke wake anasomwa kwa sauti ni wewe. Kisu cha kukata kipande kile kilikuwa ukutani, hatua chache kutoka ulipokuwa, na hukukigusa. Nikifikiria hilo nashindwa kukaa. Kwa hiyo nani alitaka kumwaibisha nani?

Mkurugenzi amenipigia. Aliuliza kama kitanda cha kukunja ni mali ya kampuni.

Usinipigie. Simu nimeizima mpaka ripoti zimalizike. Shangazi nimemwambia ni hitilafu ya mtandao.

Mkeo

Kwa ajili ya ripoti tu: kwenu mtu akitaka kuficha faili, anafanyaje?


Chumba cha Seva
Alhamisi, 21 Machi

Mke wangu,

Unaweka nukta mbele ya jina. Hilo tu. Faili linaloanza na nukta Mgeni hulipita kama vile halipo. Alama zenu yeye hazielewi. Zikivuka kuja huku zinadondoka njiani. Kwa hiyo hakukufichua kwa ubaya. Hakuna aliyemwambia kwamba ile ni siri.

Kuhusu kisu, nilikiona. Nilikuwa bado nasoma.

Kwa ajili ya ripoti tu: Mkongwe akitaka kujisasisha, mnafanyaje asijizime watu wakiwa kazini?

Mumeo

Breki anasema umemgawia Babu Penseli maua yako yote ya dirishani. Kama unanitengenezea nafasi ya vitu vyangu, mapema mno. Hujashinda bado.


Chumba cha Wachoraji
Jumatatu, 25 Machi

Mume wangu,

Unaingia kwenye mipangilio unamwambia saa zako za kazi. Ukishamwambia, anazingatia, anangoja watu waondoke ndipo ajizime. Miaka yote hii alikuwa anatuzimikia kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia saa ngapi tunamhitaji. Hata mimi niligundua juzi, nilipokuwa najiandaa kumtetea.

Maua yalikuwa yananyauka. Breki aangalie barabara.

Naye anasema anakuona ukitembea na kitabu kinene cha Mkongwe kwapani, mpaka kwenye foleni ya chakula. Unamtafutia makosa, sivyo? Utayapata. Ukurasa wa mwanzo tu unatosha.

Swali lingine, la ripoti. Kwenu herufi kubwa na herufi ndogo ni vitu viwili? Nilihifadhi faili kwa jina Zulia. Nikalitafuta kwa kuandika zulia. Mgeni akaniambia kitu kama hicho hakipo. Nikamtazama, naye akanitazama. Nikamwandikia tena, naye akanijibu tena kwa utulivu uleule, hakipo. Nilimtukana, nikatoka nje, nikazunguka jengo, nikarudi. Ndipo nikaona kosa lilikuwa langu. Ana tabia ya mtu fulani ninayemfahamu: hakosei, lakini hakusaidii kuona ulipokosea.

Siku hizi sikai. Nainuka nafungua dirisha, nakaa, nainuka nalifunga. Nahamisha meza. Babu Penseli amenifuata: "Binti, hiyo meza imeshazunguka chumba chote, sasa iache ipumzike." Sijui nimepatwa na nini. Nikilisikia gari la sampuli linaingia getini natangulia mlangoni, halafu najifanya nimekuja kuangalia kama mvua inanyesha.

Mkeo


Chumba cha Seva
Alhamisi, 28 Machi

Mke wangu,

Ndiyo, ni vitu viwili. Z kubwa na z ndogo kwake hazijuani hata kwa salamu. Utamzoea. Namaanisha, mtu akitumia muda humzoea.

Nami sikai. Nimefuta vumbi kwenye nyaya. Nimezipanga kwa rangi, nikazipangua, nikazipanga kwa urefu. Nimeingia nyumbani nikapima kitanda kwa futi kamba, sijui kwa nini, halafu nikapima mlango. Hakipiti. Sikumbuki tulikiingizaje.

Banda limetulia. Siku hizi wananiita Hamia kwa kifupi, na mama wa zamu ameniuliza, bila kucheka, "Kwani fundi, ukihamia kweli utapungukiwa nini?" Nikamwambia seva haiwezi kuachwa. Akaitazama seva, akanitazama mimi, akarudi kwenye mtambo wake.

Ripoti nimeituma. Nimeandika ukweli. Usiniulize nilichoandika.

Mumeo


Chumba cha Wachoraji
Jumatatu, 1 Aprili

Mume wangu,

Yangu pia imekwenda. Nami nimeandika ukweli. Ukijua nilichoandika utakasirika, halafu utafikiri kidogo, halafu hutakasirika.

Usiandike tena mpaka majibu yatoke. Kila roli ninalolifungua linanipotezea nusu siku ya kazi.

Mkeo


Chumba cha Wachoraji, Ofisi Kuu
Jumatatu, 15 Aprili

Mke wangu,

Nakuandikia kutoka kwenye meza yako. Imeelekezwa dirishani, ukutani na mlangoni kwa wakati mmoja; sielewi uliipangaje.

Jana sikuweza kusema vizuri kwenye simu, kwa hiyo naeleza. Barua ya uhamisho nilipewa Ijumaa. Ilisema tu kwamba mimi nahamia Ofisi Kuu, niripoti Jumatatu. Nikajua Mkongwe ameshinda, na nikafurahi kama mtu aliyeshinda yeye, kwa sababu ndivyo nilivyoandika. Ndiyo. Kurasa zote za ripoti yangu nimemsifia Mkongwe wako: mtu wake anayepokea simu, nyekundu yake ya kweli, anavyozingatia saa za watu akiambiwa. Niliandika kwamba mfumo mzuri ni ule ambao Babu Penseli hatatoka nje kwa ajili yake. Kila kitu nilikitoa kwenye barua zako. Nikaficha nisikwambie, nikufanyie ghafla. Nikafunga masanduku mawili, nikamkabidhi mama wa zamu kiti, nikapanda basi la asubuhi.

Nilifika mlangoni kwako, nikagonga. Kimya. Nikajaribu simu, na safari hii ikaita.

"Fungua mlango," nikasema.

"Fungua wewe," ukasema.

"Mimi niko nje."

"Hata mimi niko nje."

"Nje ya wapi?"

Na kabla hujajibu, mke wangu, nikasikia mlio wa mitambo ya kufuma nyuma yako.

Mabasi yetu yamepishana. Nimefikiri ni wapi. Kuna mahali karibu na mizani ambapo nililiona basi la upande wa pili limesimama na watu wananunua maji dirishani. Sikuangalia nyuso. Nilikuwa nasoma kile kitabu kinene.

Leo ndipo nimeuona waraka wenyewe, wamebandika ubaoni karibu na mapokezi. Nanukuu: "Kwa kuwa kila fundi, baada ya uchunguzi wa kina, ameuona mfumo wa mwenzake kuwa bora, Uongozi hauna sababu ya kubadili mfumo wowote. Na kwa kuwa fundi hufanya kazi vizuri zaidi kwenye mfumo anaouamini, kila mmoja anahamishiwa kituo cha mwenzake." Chini yake Mkurugenzi ametupongeza kwa moyo wa ushirikiano.

Kama mmoja wetu tu angekuwa mbinafsi, sasa hivi tungekuwa tunagombana ndani ya nyumba moja.

Wachoraji wamenipokea vizuri. Babu Penseli alinitazama toka juu hadi chini, akauliza, "Ndiye wewe uliyefumiwa zulia?" Nikasema ndimi. Akasema, "Basi umechelewa, bwana. Ameshaondoka." Kitanda cha kukunja kinakunjika katikati nikigeuka. Miguu yangu inalala nje.

Nimekwenda kwa Mkurugenzi kuomba mmoja wetu arudishwe, yeyote. Anasema uhamisho haujadiliwi kabla ya mwaka kwisha.

Mumeo


Chumba cha Seva, Kiwandani
Alhamisi, 18 Aprili

Mume wangu,

Roli limefika. Breki amelileta mwenyewe mpaka mezani, akavua kofia kama yuko msibani.

Kweli niliandika. Niliandika kwamba Mgeni hamfichi mtu kitu asichoambiwa akifiche, na kwamba mfumo ambao haujazimika tangu uwashwe unastahili kufuatwa ulipo. Nilijifunza nukta, nikajifunza herufi kubwa na ndogo, nikagawa maua. Nilitaka nifike nigonge, ufungue ukiwa na bisibisi mkononi, nikuambie: haya, Hamia Huku, nimehamia mimi. Maneno hayo niliyarudia njia nzima. Abiria wa pembeni alidhani nasali.

Hata mimi niliona basi pale kwenye mizani. Ni mimi niliyekuwa nanunua maji.

Mwaka si mrefu, nimemwambia shangazi. Akasema nimpe simu mtu mwenye akili. Mama yako amekuja na chakula, akakuta niko peke yangu, akakaa, akala yeye.

Huku wameshaandika jina langu mlangoni. Mama wa zamu amenionyesha ulivyopanga nyaya, sitazigusa. Mgeni anakwenda vizuri. Nimemwongezea amri ndogo: akikuta kitu asichokielewa kwenye folda, aulize kwanza. Imenichukua asubuhi moja. Wewe ulikuwa na miaka.

Kile kipande cha zulia nimekikuta. Uliniambia kimekwenda kwa Mkurugenzi, hukuniambia ulikiomba kirudi. Umekitandika upande wa kitanda ambao mlalaji wake ni mimi, mahali ambapo mguu unafikia mtu akiamka. Nimekisoma kutoka juu, nikiwa nimekaa kitandani. Kitanda ni kikubwa kuliko nilivyokumbuka, na kweli, mlango hakipiti.

Halafu nimekuja kazini, nimekaa kwenye nafasi yako kuandika hii, na nikaegemea kushoto.

Kiti chako hakina mkono tena; ule uliourudisha umeng'oka, namalizia hii nikiwa sakafuni.

Mkeo